Bastola ya Kuwindia Pongo

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na sita, nafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari huko Murungu, wilayani Kibondo, na nilikuwa nimepanga chumba kwa seremala mmoja mtu mzima. Kwetu ni Morogoro. Nilichokijua kuhusu silaha ni kwamba askari wanazo na majambazi wanazo, basi. Kwa hiyo nilibaki nimeduwaa, jioni moja ya mwaka 2013, mwenye nyumba wangu alipobisha mlangoni akiwa ameshika gazeti la Kiingereza, akaniambia:

"Mwalimu, nisaidie kuchagua bastola."

Nikadhani nimesikia vibaya. Kiswahili chake kilikuwa na Kiha kingi ndani yake, na haikuwa mara ya kwanza kwangu kumwelewa kombo.

"Bastola ya nini, baba?"

"Ya kuwindia impongo."

Impongo ni pongo, yule mnyama wa vichakani mwenye madoa meupe ubavuni na pembe fupi zilizojisokota. Wenyeji walikuwa wakimwona alfajiri pembezoni mwa mashamba ya maharage. Mzee alikuwa akimwinda zamani kwa gobore lake, mpaka serikali ilipotangaza watu wasalimishe silaha zisizo na kibali, naye akalipeleka mwenyewe kituoni, akarudi kwenye useremala wake. Hayo yalitokea kabla sijafika. Nilipofika nilimkuta tayari ameumia. Bodaboda aliyopanda kutoka mjini Kibondo iliteleza kwenye tope, ikamwangukia, bega la kulia likavunjika. Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya. Aliweza kunyoosha mkono mbele, aliweza kula, aliweza kusalimiana. Kusukuma randa hakuweza. Na kitako cha bunduki, alisema, hakiwezi tena kukaa hapo.

"Bunduki inapiga bega," alinieleza, akijigusa. "Bastola haigusi bega. Unainyoosha tu mbele. Humu wanaonyesha watu wanawinda nayo."

Gazeti lenyewe alilikuta kwenye droo ya meza. Mgeni mmoja aliyekuwa akihudumia wakimbizi aliuza vyombo vyake alipokuwa anaondoka, mzee akanunua meza iliyovunjika mguu ili aitengeneze. Ndani ya droo kulikuwa na hilo gazeti, limekunjwa, lina picha za wanaume waliovaa kofia za rangi ya machungwa.

Tulianza kulisoma alasiri, baada ya vipindi, kwenye benchi nje ya karakana yake. Mimi nilikuwa na kamusi na daftari. Nilijiona naweza, kwa sababu Kiingereza ndicho kilichonileta huko. Kumbe sikujua chochote.

Aya ya kwanza ilisema mwindaji aanze kwa kuchagua urefu wa kitu ambacho kamusi yangu ilikiita pipa. Nikamwandikia: urefu wa pipa uwe inchi sita hadi nane.

"Pipa la nini?" akauliza.

"Hawajasema."

"La maji?"

"Labda wanajificha nyuma yake, baba, wanamsubiri mnyama."

Akatafakari. "Pipa la inchi nane? Atajificha nani humo, panya?"

Tulikaa na hilo pipa siku mbili nzima. Siku ya tatu akiwa anatazama picha tu, bila kusoma, akaweka kidole kwenye kile chuma kirefu kinachotoka mbele ya bastola, akasema, "Mtutu. Mwalimu, ni mtutu." Akatoa futi yake ya useremala mfukoni, akaonyesha inchi sita hewani, kisha nane. Inchi alizijua kuliko mimi. Toka hapo akawa yeye ndiye ananieleza, mimi nasoma tu.

Kuhusu mtutu gazeti lilisema hivi, kadiri nilivyoelewa: mtutu mfupi unabebeka, lakini shabaha yake inayumba na risasi haitoki na nguvu zake zote. Mtutu mrefu unaipa risasi mbio, na kwa kuwa alama ya kulengea ya mbele iko mbali na ile ya nyuma, jicho linaona kosa mapema. Lakini mrefu ni mzito mkononi. Ukurasa mmoja ukasifu inchi sita. Ukurasa uliofuata ukasema inchi sita ni za mtu asiyejua anachotaka, achukue nane na tatu ya nane. Mzee akataka kujua hiyo tatu ya nane ni ya kazi gani.

Kwenye unene wa risasi ndiko tulikopotea kabisa. Kulikuwa na nukta 38, nukta 357, nukta 41 na nukta 44.

"Ipi kubwa," akauliza, "thelathini na nane au mia tatu hamsini na saba?"

Nikajibu haraka kwamba ni mia tatu hamsini na saba. Halafu nikakumbuka hesabu za desimali, nikajisahihisha: nukta 38 ni kubwa kuliko nukta 357. Mzee akaandika. Nikageuza ukurasa, nikakuta gazeti linasema ile ya 357 ina nguvu kuliko ya 38, na kwamba kwa mnyama ya 38 haifai. Mistari michache baadaye likasema risasi za zote mbili zina unene uleule.

"Zote mbili?"

"Ndivyo wanavyosema, baba."

"Sasa kwa nini wakazipa majina mawili?"

Mwanafunzi angeniuliza swali kama hilo darasani ningemwambia akae chini.

Uzito wa risasi nao ulitajwa kwa kipimo ambacho kamusi ilikiita punje. Punje mia moja hamsini na nane, punje mia mbili arobaini. Mzee alidhani ni punje za mahindi, akaenda jikoni kuzipima kwenye kiganja, akarudi akitikisa kichwa. Na mnyama mwenyewe aliyekuwa anapigwa kwenye picha zile alikuwa na pembe zenye matawi kama mti. Kamusi ilimwita kulungu. Mzee akalitazama dume lile kwa muda. "Kulungu namjua," akasema. "Huyu siye. Huyu kwanza anapitaje vichakani?" Hatukujua ana uzito gani, kwa hiyo hatukujua kama risasi inayomtosha yeye ingekuwa kubwa mno kwa pongo au ndogo mno.

Jambo moja nililiona bila kuwa na hakika nalo. Kabla ya gazeti lile mzee alikuwa haongei. Miezi minne niliyokaa kwake alikuwa akiniitikia "marahaba, mwanangu" na kuingia karakana, akifunga mlango, na humo ndani husikii nyundo wala msumeno. Sasa alikuwa ananisubiri barabarani nitoke shule.

Siku moja mkewe aliniita uani. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kuchambua naye. Alikuwa mama wa maneno machache, na siku hiyo aliyasema akiwa hanitazami.

"Mwalimu, hiyo bastola mnayoitafuta. Mchagulie isiyokuwepo."

"Sijaelewa, mama."

"Kwenye hicho kitabu tafuta ile ambayo hata akienda Dar es Salaam haipati. Umwambie ni hiyo tu inayofaa."

Nikamuuliza kwa nini. Akatupa kokoto nje ya ungo.

"Juzi nimemkuta amekaa karakana, ameshika patasi. Hachongi kitu. Anaitazama tu. Nikamwita mara tatu. Mtu wa namna hiyo, mwanangu, unampa bastola?"

Kesho yake nilifundisha vipindi vinne, na mpaka leo sijui nilifundisha nini. Mama alikuwa na hofu ambayo sasa nami nilikuwa nayo. Lakini nilipofikiria kuacha, niliona kwamba kitu pekee kilichokuwa kinamtoa mzee humo karakana ni kile kile mama alichokiogopa. Nikiacha kusoma, anarudi kwenye patasi. Nikiendelea, ninamsogeza kwenye bastola. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Wenzangu shuleni walikuwa wageni kama mimi, na jambo kama hilo ukilisema kwenye ofisi ya walimu, kufika jioni limefika sokoni.

Nikaendelea kusoma. Nilichofanya ni kusoma polepole zaidi.

Likizo ilipofika mzee akasema twende Kasulu. Alikuwa na rafiki huko, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, Mwislamu mwenye asili ya Pangani, aliyekuwa amemuuzia misumari kwa miaka mingi. Huyo alikuwa na bastola ya kujilinda yenye kibali, na enzi za ujana wake aliwahi kuwinda. "Atatukatia ubishi," mzee alisema. Mama akatufungia mihogo ya kuchemsha, akanitazama kwa namna ambayo niliielewa vizuri.

Siku hizo mabasi ya njia ile yalisindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi waliokuwa wakiteka magari. Wawili walipanda na bunduki zao, mmoja akakaa jirani na mzee. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma yao. Tulikuwa tumeshapita vijiji kadhaa, mimi nasinzia, nikasikia sauti ya mzee, ya upole kabisa:

"Mwanangu, huo mtutu una inchi ngapi?"

Askari akamgeukia. "Unasemaje?"

"Mtutu wako. Naona kama kumi na sita. Ungekatwa ukawa nane, risasi ingepoteza nguvu kiasi gani?"

Usingizi wangu uliisha hapo hapo. Askari alimwangalia mzee juu hadi chini, kisha akauliza kama ana mwenzake. Mzee, bila wasiwasi wowote, akanionyesha kwa kidole. "Mwalimu wangu yule. Yeye ndiye ameandika zote kwenye daftari."

Kasulu hatukushuka stendi kama abiria wengine. Tulipelekwa kituoni.

Aliyetuhoji alikuwa askari wa kike, mkubwa kidogo kwangu, mwenye miwani. Alilifungua daftari langu akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya kesi.

"Mtutu inchi sita ni rahisi kuficha chini ya koti. Inchi nane, piga umbali wa mita hamsini. Nukta 357, usirudie mara mbili. Lenga nyuma ya bega." Akaninyanyulia macho. "Bega la nani?"

"La pongo, afande."

"Sioni pongo humu."

Nikalichukua daftari, nikatafuta. Kweli. Kurasa kumi na moja, na mahali popote sikuwa nimeandika neno pongo, wala mnyama, wala kuwinda. Sisi wawili tulijua tunaongea habari ya nini, kwa hiyo sikuona haja. Na hiyo "chini ya koti" gazeti lilimaanisha koti la mvua, ili chuma kisilowe, lakini kwa mwandiko wangu ilionekana kitu kingine kabisa.

"Mwalimu," akasema yule afande, "unajua barabara uliyopita leo watu wanauawa kwa vitu hivi?"

Nikasema najua. Nikaanza kulia, jambo ambalo halikunisaidia. Mzee alikuwa amekaa wima kwenye benchi akijaribu kuelewa kosa liko wapi. Kisha akafungua vifungo vya shati lake, pole pole, kwa mkono wa kushoto, akalishusha upande wa kulia.

"Tazama, mama," akamwambia afande, ingawa kwa umri angeweza kuwa mwanawe. "Hapa haikai bunduki. Ndiyo maana."

Nilikuwa sijawahi kuliona bega lile. Mfupa ulikuwa umesimama chini ya ngozi kama kigingi cha hema. Afande alivua miwani, akamwambia afunge shati.

Akatuma mtu kumwita yule rafiki. Alikuja na kanzu na koti juu yake, anahema, baraghashia mkononi. "Afande wangu," akasema, "hebu nitazamie vizuri. Jambazi gani duniani anasafiri na mwalimu wa Kiingereza na mihogo ya kuchemsha?"

Yule afande hakucheka, lakini mkunjo wa uso wake ulilegea. Alitueleza kwamba bastola hapa mtu hupewa kwa kujilinda, tena akiwa na sababu nzito; habari ya kuwindia yeye hajawahi kuisikia, tukaulize ofisi ya wanyamapori huko huko Kibondo. Sisi tuende. Daftari libaki.

Tulipofika dukani kwa rafiki yake, kati ya mabati na ndoo za rangi, nilidhani mzee angekuwa amekata tamaa. Wala. Alimweleza rafiki yake kila kitu kwa kumbukumbu tu, namba zote, inchi zote. Yule mfanyabiashara alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bastola yangu siitoi kabatini kwa mchezo. Lakini ngoja."

Akachukua bomba la maji la chuma, akamwambia fundi wake akate vipande vitatu: inchi nne, inchi sita, inchi nane. Akavijaza mchanga, akavifunga kila kimoja kwenye kipande cha mbao kama mpini, na akaongeza uzito kwa waya mpaka akaridhika mkononi mwake. Akabandika kifuniko cha kopo la rangi ukutani.

"Haya, impongo wako yule pale. Nyoosha."

Mzee akanyoosha mkono na lile la inchi nne. Mdomo wa bomba ukawa unazunguka kifuniko kama nzi. La inchi nane lilitulia kwanza, kisha likaanza kuzama, likazama, mpaka likawa linatazama sakafu, na jasho likamtoka mzee kwenye paji la uso. La inchi sita, kwa mikono miwili, lilikaa. Lilikaa kweli. Nilihesabu moyoni mpaka kumi na mbili na halikutikisika. Mzee akanigeukia na uso ambao sikuwahi kuuona, na mimi nikashindwa kujua nifurahi au niogope.

"Hilo ni bomba," mwenzake akamwambia. "Bomba halipigi teke. Risasi ya kumwangusha pongo palepale itaurusha huo mkono mpaka kwenye paji lako, na bega litalia. Risasi ambayo bega lako linaivumilia, pongo anaondoka nayo anaenda kufia Burundi. Sasa wewe unataka ipi?"

Mzee akalinyoosha tena lile la inchi sita.

"Halafu nikuulize," akaendelea yule rafiki, akifungua fundo la waya. "Bega la kushoto lina nini?"

"Halina kitu."

"Basi kwa nini bunduki usiiweke hapo?"

Nilitazama chini. Wiki sita tulikuwa tumesoma habari za punje na nukta na tatu ya nane, na hakuna aliyeuliza hilo. Nilitegemea mzee acheke. Alikasirika. Aliweka lile bomba juu ya mfuko wa saruji na kusema yeye si mtu wa kushoto, baba yake hakuwa mtu wa kushoto, na akatoka nje akasimama barabarani kwenye vumbi.

Wiki iliyofuata tulikwenda ofisi ya wanyamapori, Kibondo mjini. Ofisa alikuwa kijana mwenye heshima. Alimsikiliza mzee, akamjibu kwa sentensi moja kwamba kwa bastola kibali cha kuwinda hatoi. Akamweleza anachoweza kuomba: bunduki ya marisau, inayorusha gololi ndogo nyingi kwa pamoja, kwa wanyama wadogo, na kwanza apitie serikali ya kijiji na polisi. Mzee akamshukuru.

Tangu ajali alikuwa hapandi bodaboda, kwa hiyo tulirudi kwa miguu. Njia ni ndefu na ina vilima. Tulipofika mahali ambapo hakuna nyumba nikamuuliza. Nilikuwa nimelibeba swali lile tangu siku ya maharage.

"Baba, bastola hii ni ya pongo kweli?"

Alitembea hatua nyingi.

"Mwanzoni," akasema, "sikujua ni ya nani."

"Na sasa?"

"Sasa namfikiria impongo. Siku nyingine siyo yeye tu." Akasimama kupumua. "Usimwambie mama."

"Nitamwambia."

Akanitazama. Nilimheshimu kama baba yangu, na sikuwa nimewahi kumkatalia mtu wa umri wake jambo lolote. Mwishowe akasema, "Basi mwambie vizuri."

Sijui kama nilimwambia vizuri. Nilimwambia tukiwa jikoni, na yeye hakulia wala hakushangaa, alifunika sufuria tu na kutoka kwenda karakana. Alikusanya patasi zote, akazileta chumbani kwangu kwenye kikapu, zikakaa chini ya kitanda changu. Jumatatu alimpeleka mzee hospitali. Alikuwepo daktari mmoja aliyehamishiwa huko kutoka Mbeya, mtu mwenye subira, akawa anaongea naye kila baada ya wiki mbili, wawili peke yao, na akamfundisha na mazoezi ya bega. Mzee alikwenda akinung'unika. Lakini alikwenda.

Mwezi wa tatu au wa nne wa mazoezi hayo alikuja kwangu kuomba patasi moja. Nilitazama nyuma yake, nikamwona mama amesimama mlangoni mwa jiko. Akaitikia kwa kichwa. Nikampa. Kwa jioni kadhaa tulisikia karakana ikigonga, taratibu, kwa mkono usiozoea. Alichokichonga kilikuwa bunduki ya mti, nzima, yenye kitako na mtutu, na kitako kile kilikuwa kimechongwa kwa ajili ya bega la kushoto. Akawa anaiweka begani asubuhi na kulenga migomba. Majirani walipita wakicheka. Naye, siku moja, akacheka nao.

Mwaka 2014 ombi lake la bunduki ya marisau lililetwa kwenye mkutano wa kijiji, kama utaratibu unavyotaka. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mama alisimama. Nilikuwa nimekaa na akina mama. Watu wote waligeuka. Mzee aliinamisha kichwa.

"Apewe," mama akasema. "Lakini itafungwa kwenye sanduku, na ufunguo nitauweka mimi."

Wanaume wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti kwamba sasa mama ndiye atakayekwenda kuwinda. Mwenyekiti akajaribu kueleza kuwa sheria inamtambua mmiliki, ufunguo ni wake. Mzee akasimama, akasema kwa sauti ambayo hata walioketi nyuma waliisikia, "Mwandike hivyo alivyosema." Na mtendaji akaandika, ingawa sidhani kama fomu ilikuwa na nafasi ya jambo hilo.

Kibali kilichukua karibu mwaka. Mwaka 2015 alinunua bunduki ya mtumba yenye mtutu mmoja, mrefu, inchi ishirini na nane, mara nne na zaidi ya ile tuliyoitafuta. Akalipia leseni, akaondoka alfajiri moja na yule kijana wa wanyamapori. Mimi nilikuwa nafunga mizigo, nimepata uhamisho wa kwenda Heru Juu, kule Kasulu. Walirudi saa nne asubuhi mikono mitupu. Mzee alikaa kwenye benchi, akavua viatu vilivyolowa umande, akaanza kusimulia kabla hata ya kunywa chai. Pongo dume alisimama hatua ishirini na tano. Akamlenga. Akasikia moyo wake. Akafyatua, na marisau yote yakaingia kwenye kichuguu.

"Hukumpata hata kidogo?" mama akauliza.

"Hata unyoya."

"Pongo ana unyoya?"

"Aa, wewe nawe." Akasimulia tena toka mwanzo, na safari hii pongo alikuwa hatua thelathini. Mama alichukua bunduki, akaifungua, akatazama ndani ya mtutu kama walivyomfundisha kituoni, akaingia nayo ndani. Nikasikia sanduku linafungwa.

Mchana gari la mizigo yangu likaja. Nilipokuwa nawaaga mama alinishika mkono muda mrefu, nami nilitaka kumuuliza kama mwaka ule nilifanya sawa au nilikosea, kama yeye angekuwa mimi angesoma lile gazeti mpaka mwisho. Sikuuliza. Mzee alikuwa nyuma ya gari anampigia dereva kelele kuhusu namna ya kufunga kamba, akimwelekeza kwa mkono wa kushoto.